Kioo Kilichotazama Dari

Mke wangu hunicheka kwamba mimi nilistaafu mikono na miguu tu, lakini shingo bado iko kazini. Tukikaa kula, kabla sijapeleka mkono kwenye sinia, huinamisha kichwa kidogo kulia, kisha kidogo kushoto, ndipo nichote wali. "Leo unampisha nani?" huniuliza. Nami humjibu, "Lori la chumvi linapita." Wajukuu hucheka mpaka wakapaliwa, na hawajui wanachekea nini. Basi nimeona niwaandikie, wao na nyinyi vijana wote mnaoshika usukani hapa Malindi, mpate kujua shingo hii ilifundwa na nani.

Na kilichonisukuma hasa ni jambo la juzi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinipa lifti kwenda sokoni. Gari zuri, safi, lanukia. Nikakitazama kioo chake cha pembeni, nikaona mlango. Mlango wake mwenyewe, na kitasa chake, na robo ya tairi la nyuma. Barabara ilibaki kijisehemu kama ncha ya kanzu.

"Mwanangu," nikamwambia, "mlango huu umeshaibiwa mara ngapi?"

"Haujaibiwa, babu."

"Sasa mbona waulinda hivyo?"

Akacheka, nami nikacheka, kisha bodaboda ikatoka ubavuni mwetu ghafla naye akakanyaga breki. Huyo mpanda pikipiki hakushuka mbinguni. Alikuwa hapo hapo muda wote, ila kioo kilikuwa na shughuli ya kutazama mlango.

Mimi jina langu Omari. Miaka ya themanini nilikuwa dereva wa Bi Rukia, mjane wa mji wa kale hapa Malindi. Marehemu mumewe alimwachia nyumba, duka la vitambaa lililoendeshwa na mwanawe Athmani, na gari, Pijo nyeupe iliyokuwa na viti vya ngozi vilivyopasukapasuka. Nyumba na duka vilikuwa vya wote. Pijo ilikuwa yake. Kila Alhamisi ilimpeleka Mambrui kumtazama nduguye, Bi Zena, aliyepooza upande mmoja wa mwili na ambaye hakuweza tena kutoka nyumbani. Watu wawili hao walizaliwa chumba kimoja na kulelewa mkeka mmoja. Alhamisi kwao haikuwa siku ya ziara, ilikuwa dawa.

Siku ya kwanza nilipoajiriwa nilisimama ua wa mbele, nimevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Bi Rukia alinisemesha kutoka nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Leseni unayo, nimeambiwa. Adabu unayo?"

"Inshallah, Bi Mkubwa."

"Basi kile kioo cha ndani kigeuze kitazame dari. Na kikae hivyo."

Nyinyi mtashangaa, lakini wakati ule mimi sikushangaa. Dereva aliyechukua wanawake wa nyumba za mji wa kale alijua kwamba kioo cha ndani si chake. Aliyenitangulia mimi alikutwa kioo kimeinama kidogo, akaapa kwamba ni mtikisiko wa barabara, na huenda ilikuwa kweli, lakini kazi ilimtoka. Nami nikakigeuza. Ukiketi kwenye usukani ukainua macho, unaona kitambaa cha dari na pale palipoungua sigara ya marehemu.

Msidhani ilikuwa kudharauliwa. Nilikuja kuelewa baadaye, kwa masikio. Tukishauvuka mji, nyuma yangu nilisikia ushungi ukifunguliwa, buibui likilegezwa, karatasi ya korosho ikichanwa. Bi Rukia na bintiye Maryamu walizungumza, wakacheka, wakati mwingine wakaimba nyimbo za harusi za zamani. Wanawake wale nyumbani walikuwa na wageni, barazani walikuwa na wapita njia, lakini ndani ya Pijo, kioo kikitazama dari, walikuwa peke yao. Mimi nilihesabiwa kuwa sehemu ya gari. Na niliona fahari, wallahi, kwamba kuna watu wazima wanaoweza kupumzika kwa sababu mimi sitazami.

Tatizo ni kwamba sikutazama hata pale palipohitaji kutazamwa. Pijo ile ilikuwa na kioo kimoja tu cha nje, upande wangu wa kulia, nami nilikitega kama kijana yule wa juzi: nusu mlango, nusu dunia. Hakuna aliyenifunza vingine. Mwalimu aliyenifundisha kuendesha alikuwa akisema, "Kioo kitengeneze," basi, hakusema kitengenezwe vipi.

Sasa siku moja tunarudi kutoka Mambrui, baada ya alasiri. Barabara ya wakati ule ilikuwa ya vumbi na mashimo. Mbele yangu mkokoteni wa punda umebeba makuti mpaka punda haonekani, waona makuti yanatembea. Nikapunguza mwendo. Nikatazama kioo, nikauona mlango wangu, salama salimini. Nikakata kulia kumpita punda.

Honi niliyoisikia ilitoka ndani ya sikio langu. Lori la chumvi kutoka Gongoni lilikuwa tayari ubavuni, linatupita sote wawili, mimi na punda. Nikarudi kushoto kwa nguvu, Maryamu akapiga yowe, na lori likaingia mchangani upande wa pili likasimama limeinama. Magunia kadha yakaanguka yakapasuka. Barabara ikawa nyeupe.

Dereva akateremka. Mtu mrefu, mweusi, kofia ya kahawia, mikono imepasuka kwa chumvi. Alikuja kwa hatua za mtu anayekuja kupiga, na mimi nilikuwa nimeshakunja uso niupokee mkono. Akafika dirishani, akainama, akawaona wanawake nyuma wakijifunika haraka haraka. Akasimama. Akavua kofia.

"Mama, pole," akasema polepole. Kisha akanigeukia, na sauti yake bado ya chini lakini meno yameumana. "Kijana. Wewe unaendesha gari ama unaendesha kitanda?"

Akakiona kioo cha ndani.

"Na hii kioo inaangalia nini huko juu? Inaomba Mungu?"

"Ni heshima, mzee," nikasema. "Kuna wanawake."

Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Alikitazama kile kioo, akawatupia jicho wanawake, akaitikia kwa kichwa taratibu. Nyuma yangu Bi Rukia akasema, "Omari, muulize kama ameumia. Kisha uteremke umsaidie magunia yake."

Tukaokota chumvi pamoja, mimi na yeye na mwenye punda. Jina lake Mutisya, mtu wa Machakos, alikuwa amekuja pwani kutafuta kazi akakaa. Tulipomaliza akanishika bega, vumbi la chumvi limetujaa sote. "Sikiza. Hiyo ya ndani iko juu, sawa, ni mambo ya watu wenu. Lakini hiyo ya nje ndiyo jicho yako ilibaki, na wewe umeifunga. Kuja Gongoni siku moja. Lori yangu haina kioo ya ndani kabisa. Nitakuonyesha."

Bi Rukia hakuwa mtu wa kuficha. Jioni ileile alimweleza Athmani yote, na Athmani, ambaye alimpenda mamake kwa ile namna ya kumwogopea, akageuka rangi. Nilikuwa ua wa mbele naosha gari, nikasikia.

"Mama, mambo ni mawili. Ama kioo kishushwe, ama safari za Mambrui zimekwisha."

"Kioo hakishuki."

"Ushungi waweza kukaa nao, mama. Ni mwendo mdogo."

"Mwendo mdogo kwako, uliyevaa shati. Hili ni gari la babako. Sitakaa ndani yake kama mgeni."

"Basi hutakwenda."

Na hivyo ndivyo mama na mwana walivyofungana, kila mmoja ameshika ncha yake ya kamba. Hakuna aliyemuuliza dereva. Lakini dereva alikuwa na lake. Mimi niliijua barabara ile, na nilimjua yule aliyekuwa mwisho wake.

Alhamisi ikafika, ikapita. Habari ikaletwa na jirani aliyetoka Mambrui: Bi Zena alivishwa kanga zake za kutokea, akaketishwa dirishani asubuhi, na hapo akakaa. Adhuhuri akaambiwa ale, akasema atakula na Rukia. Alasiri akaambiwa tena. Akageuzia uso ukutani.

Siku ya pili yake nilikwenda kuipasha Pijo moto, kwa maana betri ya gari lisilotembea hufa. Nikafungua mlango nikashtuka. Bi Rukia alikuwa ndani, mahali pake pa siku zote, kiti cha nyuma upande wa kushoto. Amejifunika, mkoba mapajani. Gari limesimama uani, kuku wanapita mbele yake.

Nilitaka kuufunga mlango nirudi. Akasema, "Kaa, Omari."

Nikakaa nyuma ya usukani. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, akauliza:

"Tuko wapi sasa?"

Nilifikiri. Nikasema, "Tunaingia Sabaki, Bi Mkubwa."

"Darajani pana watu?"

"Hapana watu."

"Mto umejaa?"

"Umejaa kiasi. Mwekundu."

"Nenda polepole basi. Zena hapendi nikifika na vumbi."

Nikashika usukani nikaenda polepole, gari limezimwa, mpaka Mambrui. Sijawahi kuendesha safari ndefu kama ile. Tulipofika, alishuka uani kwake mwenyewe, akaingia ndani, nami nikabaki nafuta macho kwa kitambaa cha kufutia vioo. Nililia, ndiyo. Mzee mzima nawaambia, nililia. Kesho yake nikaomba ruhusa, nikapanda gari la kwanza kwenda Gongoni.

Kama hamjafika Gongoni mchana wa jua kali, hamjui weupe. Chumvi imerundikwa, maji kwenye mabwawa yanang'aa, mtu unatembea umekunja macho. Nilimkuta Mutisya amelala chini ya lori lake kwenye kivuli pekee kilichokuwapo. Alinitambua kabla sijasema. "Kitanda imefika!" akapiga kelele, na wapakiaji wote wakacheka kwa maana kisa walikuwa wamekwisha kukisikia.

Lakini alipoanza kufundisha alikuwa mtu mwingine. Aliniweka kwenye kiti chake, akaniambia nisiguse chochote. Vioo vya lori lile vilikuwa vimeliwa na chumvi kingoni, weusi umeingia, lakini katikati vilikuwa safi. Kila asubuhi alivisugua kwa gazeti lililolowa maji ya ndimu.

"Kwanza," akasema, "ujue nani anaweza kukuua. Ile iko nyuma yako kabisa, inakuona. Dereva yake ako na macho, ako na breki. Ile iko mbali, bado iko mbali. Lakini ile ilikuwa nyuma ikatoka, ikakuja hapa kwa bega, haijafika mbele, hiyo ndiyo mbaya. Hiyo umeiachia giza. Na wewe hapo kwa giza ndiyo umeweka mlango yako."

Kisha akanionyesha, nami nawaonyesha nyinyi, kwa maana hakuna gari la leo ambalo sharia hii hailihusu. Kioo cha kulia: egemeza kichwa kulia mpaka kikaribie kugusa kioo cha dirisha. Ukiwa hivyo, sukuma kioo cha nje kielekee nje, nje, nje, mpaka ubavu wa gari lako uonekane kama uzi tu. Kaa wima. Ubavu umepotea, na mahali pake pamekuja barabara ya pembeni. Kioo cha kushoto: sogeza kichwa katikati ya gari, kati ya viti viwili, ufanye vivyo hivyo. Siku ya kwanza utahisi umepotewa na gari lako mwenyewe. Wenye gari jipya ndio huteseka zaidi. Stahimili, gari liko, halijaenda popote.

"Sasa mzee," nikamuuliza, "nyuma kabisa nitaonaje, na cha ndani kinatazama dari?"

Akatabasamu, nadhani swali hilo ndilo alilokuwa akilingoja. "Inamisha kichwa."

Nikainamisha kulia. Kioo kilekile, hakikuguswa, kikanionyesha ubavu wa lori na barabara yote ya nyuma mpaka kwenye marundo ya chumvi. Nikakaa wima, nikaona pembeni. Nikainama, nikaona nyuma.

"Kioo moja, kazi mbili," akasema Mutisya. "Kichwa yako ndiyo inageuza. Usiwe na shingo ya sanamu."

Akawaita wapakiaji wapite na toroli la chumvi, polepole, kutoka nyuma ya lori hadi mbele, nami niseme walipo bila kugeuka. Nilikosea, akawarudisha. Nilikosea tena, wakaanza kulalamika, akawaambia wasukume, huyu anabeba mama ya watu. Jua lilipoinama aliniachia. Akafungua kisanduku chake akatoa kioo cha mviringo cha lori bovu, akanipa kwa ajili ya upande wa kushoto wa Pijo. "Hii imebinuka," akaonya. "Inaona pana, lakini inadanganya. Ile iko karibu inafanya ndogo. Ukiona gari kama mbuzi, jua ni ndovu." Nilitaka kumlipa, akasema nimlipe kwa kutomtokea tena barabarani.

Fundi wa Malindi alikifunga kioo kile, akakata kipande cha tyubu ya baiskeli akakiweka chini ya skurubu kisitikisike. Nikatengeneza vyote viwili. Kisha nikamwendea Athmani dukani, nikamwomba aje uani na mamake atoke.

Walikuja, hawatazamani. Nikaelekeza gari uwanja wazi ubavuni mwa nyumba, nikakaa kwenye usukani, kioo cha ndani juu darini palepale. Nikasema mtu azunguke gari nami nitamwambia alipo; nilikusudia awe Athmani. Lakini Bi Rukia alikuwa amekwisha kushuka barazani, buibui limeburura vumbi, akaenda kusimama nyuma ya gari.

"Wanitaka nizunguke?"

"Kama hutachoka, Bi Mkubwa."

Akaanza. Nikainamisha kichwa.

"Waniona?"

"Nakuona. Uko kwenye buti."

Akasogea. Nikakaa wima.

"Na sasa waniona?"

"Nakuona. Umetokea kulia."

"Na hapa je?"

Nikatazama. Hayupo. Nikainama, hayupo. "Hapo sikuoni, Bi Mkubwa." Nikageuza uso dirishani, kwenye bega langu, na pale pale kando ya mlango wa nyuma nikauona ukingo wa buibui lake.

"Basi hapa kioo hakifiki," akasema Bi Rukia kwa sauti ya mtu aliyekagua samaki sokoni. "Hapa utatazama kwa macho yako mawili, uliyopewa na Mungu. Nje, lakini. Si ndani."

Na hiyo, vijana, ndiyo sharia ya mwisho, na hata kamera zenu haziifuti. Ukishatega vioo vyote, bado ipo nafasi moja begani. Kabla ya kutoka, geuza shingo.

Athmani akaja mlangoni kwangu. Akanigusa nishuke, akakaa yeye. "Mama, zunguka tena," akasema. Mimi nilisimama kando. Bi Rukia akazunguka mara nyingine, sasa polepole zaidi, akauliza, "Waniona?" na mwanawe akajibu, "Nakuona, mama," na tena, "Nakuona." Kisha hakujibu. Alikuwa amekodolea kile kioo cha mviringo upande wa kushoto.

"Mama," akasema, "mguu una nini?"

"Mguu una miaka."

"Tangu lini wachechemea?"

"Tangu wewe ulipoacha kunitazama nikitembea," Bi Rukia akamjibu, bila ukali, akacheka kidogo. Athmani aliteremka, akamshika mkono mpaka barazani. Hakuna aliyetaja kioo wala Mambrui. Lakini Alhamisi asubuhi ufunguo wa Pijo ulikuwa kwenye meza ya mbele, na kando yake karatasi ya korosho.

Tuliendesha hivyo kwa miaka. Naweza kuwaambia mengi ya miaka hiyo: jinsi mashimo yalivyolegeza skurubu nikajifunza kukagua vioo kila nishikapo ufunguo, jinsi jua la alasiri linavyoingia kwenye kioo cha kulia utokapo Mambrui, hata ukatamani kukigeuza, na usikigeuze. Mutisya kila tulipopishana alipiga honi moja fupi, akainamisha kichwa kulia, kushoto, kunitania. Bi Rukia alisikia honi ile akasema, "Mwitikie mwalimu wako." Hakuwahi kukosa Alhamisi ila ya Idi.

Kisha akaugua yeye. Kifua kilimbana, homa haikushuka, daktari wa hapa akasema apelekwe Mombasa. Athmani alitangulia kutafuta kitanda. Mimi nilimchukua asubuhi, na Maryamu kando yake, aliyekuwa amemuuguza mpaka macho yake yakawa mekundu. Wakati ule Kilifi haikuwa na daraja. Gari lilivuka kwa feri, na kwenye feri ulingoja zamu. Tulikuta foleni imeanza mbali, jua limepanda. Maryamu alikuwa ameshalala, kichwa kimeangukia dirishani.

Nikasikia kiti changu kinagongwa kwa nyuma, kidogo sana.

"Omari. Shusha kioo."

Nilidhani dirisha. Nikaanza kukizungusha kishikio.

"Si hicho. Cha ndani."

Mkono wangu ulikataa, nawaambia kweli. "Bi Mkubwa..."

"Maryamu kalala, maskini, mwache. Nikizimika hapa nyuma, nani atajua? Nitazame, mwanangu."

Nikakivuta kioo. Ukungu wa vumbi la miaka ulikuwa umekaa juu yake, nikaufuta kwa kidole. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nikauona uso wa Bi Rukia. Ushungi ulikuwa umelegezwa apate pumzi. Uso mdogo, mdogo kuliko sauti yake, macho mapana, jasho kwenye mdomo wa juu. Nilihofu, kwa sababu sasa nilijua ninachoweza kukipoteza.

"Waniona?"

"Nakuona, Bi Mkubwa."

"Haya. Twende."

Tulipovuka sikumwacha. Barabara, kioo cha kulia, cha kushoto, yeye. Barabara, kulia, kushoto, yeye. Akifumba macho nilimsemesha. "Bi Mkubwa, tunapita Takaungu." Akainua kidole. "Tuko Vipingo, Bi Mkubwa. Katani imestawi." Kidole. "Tunaingia Mtwapa." Kidole kikachelewa, nikaita tena, kwa sauti, Maryamu akaamka, na kidole kikainuka. Mpaka mlango wa hospitali niliendesha hivyo, na Athmani alipofungua mlango wa nyuma niligundua kwamba nimeuma mdomo mpaka umetoka damu.

Alikaa huko wiki kadhaa. Mimi nilirudi Malindi, na Alhamisi nilikwenda Mambrui peke yangu kumpa Bi Zena habari, nikizungumza naye nikiwa nje ya dirisha. Kioo cha ndani nilikiacha vilevile kilivyokuwa. Sikuthubutu kukigusa, niliona kama nikikigeuza nitakuwa nimemwacha.

Siku ya kumchukua nilisugua vioo vyote kwa gazeti na ndimu. Alitoka ameshikwa na Athmani upande mmoja na Maryamu upande wa pili, amekonda, buibui limemzidi, lakini anatembea. Athmani akakaa mbele na mimi. Mama na binti wakakaa nyuma. Nikaketi, nikautazama usukani, na sikujua la kufanya na mkono wangu. Tulikuwa tumeshaonana. Lililoonekana halirudishwi.

Nikauinua mkono, nikakigeuza kioo kikatazama dari. Nikaona kitambaa na pale palipoungua sigara ya marehemu.

Kisha nikasikia ushungi ukifunguliwa, taratibu, na karatasi ikichanwa.

"Omari," akasema Bi Rukia. "Waniona?"

"Sikuoni, Bi Mkubwa."

"Alhamdulillahi." Akatafuna korosho yake. "Basi usisimame Malindi. Nipeleke kwa Zena."

Nikainamisha kichwa kulia, nikainamisha kushoto, nikageuza shingo begani, nikaingia barabarani.